Mlango wa makaa ya mawe ufungwe kisheria

Kwa Mhariri,

Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo ulihusu leseni moja tu; haukuyapiga marufuku makaa yenyewe.

Ndiyo maana naiomba serikali itamke katika sheria, si majukwaani, kwamba Kenya haitajenga mtambo wa aina hiyo. Nchi inayochota mvuke wa ardhini huko Olkaria kuzalisha umeme tangu 1981, na ambayo sehemu kubwa ya umeme wake inatokana na mvuke huo, maji na upepo, haina sababu ya kuagiza makaa kwa meli kutoka Afrika Kusini, kama mradi ule ulivyopanga kuanza, kisha kumwaga maji ya moto kwenye bahari ambamo mvuvi wa Lamu hutega madema yake na mikoko hulea kamba na kaa. (Masizi juu ya kuta nyeupe za mji mkongwe sitayazungumzia.)

Na makaa yaliyoko Mui, Kitui, yaachwe ardhini.

Msomaji wenu,
Lamu