Ukaguzi usimtoe mwalimu darasani

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu ukaguzi wa shule. Naomba nafasi nimzungumzie mwalimu wa darasani, ambaye hutajwa kwa nadra mjadala huu unapoibuka.

Ukaguzi ni wa lazima, kwa kuwa mtoto ana haki ya kufundishwa vizuri. Tatizo huanza kabla mkaguzi hajafika. Mkuu wa shule, akihofia matokeo ya ukaguzi, hudai maazimio ya kazi, yaani mipango ya mwalimu ya kufundisha, yaandikwe upya na madaftari yasahihishwe ili yaonekane, si ili mwanafunzi aelewe alipokosea. Muda wa kazi hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye usiku wa mwalimu, na kwenye dakika ambazo angekaa na mtoto asiyejua kusoma. Kisha mwalimu huyo hutazamwa kipindi kimoja na kupimwa kwa mwaka mzima. Hiyo si haki hata kidogo. Uingereza iliacha Septemba 2024 kuzihukumu shule za umma kwa neno moja la jumla, kama vile “bora” au “haitoshi”, baada ya mchunguzi wa vifo kubaini kuwa ukaguzi ulichangia kifo cha mwalimu mkuu Ruth Perry, aliyejiua Januari 2023.

Wizara za elimu ziwaagize wakaguzi waingie darasani zaidi ya mara moja, wazungumze na mwalimu siku hiyohiyo, na wakatae nyaraka zilizoandaliwa kwa ajili yao tu. Wakuu wa shule nao wapewe waraka unaosema wazi kwamba kinachokaguliwa ni kile mwalimu anachokitumia kufundishia.

Mwalimu na msomaji wenu