Peasi gumu si baya, litokoseni kwa mvinyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wauza mapeasi wa kandokando ya barabara, kuanzia Njombe na Makambako hadi huku Mwanjelwa, Mbeya. Mnunuzi anashuka kwenye gari, analiminya peasi kwa kidole gumba, linagoma, analirudisha kwenye sado: "Haya bado." Kama ni la kutafuna njiani, ana haki. Kama ni la kupika, amerudisha lile lile alilopaswa kuondoka nalo.

Wahispania wana kitindamlo cha mapeasi yaliyotokoswa kwenye mvinyo mwekundu, wanakiita peras al vino. Jimbo lao la La Rioja, linalosifika kwa mvinyo, ndiko pia yanakotoka mapeasi ya Rincón de Soto, kwa hiyo vitu viwili vikuu vya pishi hili wanavipata nyumbani. Nasi tunavyo: mapeasi ya nyanda zetu, mvinyo wa Dodoma.

Kwa nini gumu? Peasi huiva kuanzia moyoni kuja nje. Likibonyea kwa kidole, ndani limeshalegea, na baada ya nusu saa motoni utabaki na uji na vikonyo vinavyoelea.

Kwa watu sita chukua mapeasi sita yanayolingana, kama kilo moja. Mvinyo mkavu mwekundu chupa moja ya mililita 750. Maji mililita 250. Sukari gramu 150. Kijiti kimoja cha mdalasini. Na ganda la nusu limao, lile la juu tu, maana weupe wa chini yake ni mchungu. Karafuu mbili ukipenda. Iliki iache kwenye chai, hapa inameza kila kitu. Mvinyo ukiwa mtamu, sukari gramu 60 zinatosha. Wapo wanaozidisha sukari wakidhani wanaongeza utamu, kisha wanashangaa mapeasi yamesinyaa: shira nzito hunyonya maji ya tunda kabla halijaiva.

Menya, acha kikonyo, na uyatie kwenye maji yenye limao yasigeuke rangi. Toboa kwa chini na ukwangue moyo kwa kijiko kidogo, bila kuona huruma, kwa sababu chengachenga zinazosumbua meno kwenye mapeasi yetu zimejazana hapo.

Sufuria zetu nyepesi za alumini zinaharibu pishi hili. Uchachu wa mvinyo unaila alumini, na shira inapata ladha ya chuma na rangi iliyofifia. Tumia ya stili au ya enameli, nyembamba na yenye kina, mvinyo uyafunike mapeasi. Kwenye sufuria pana yatatoka mekundu upande mmoja, meupe upande mwingine. Yakiibuka, yakandamize kwa kisahani au karatasi ya kuokea. Si gazeti, Mhariri utanisamehe, wino wake hauliwi.

Chemsha kwanza mvinyo, maji, sukari na viungo hadi sukari iyeyuke, ndipo utie mapeasi na upunguze moto. Kwenye jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu. Kinachotakiwa ni viputo vichache vinavyopanda kivivu. Mchemko mkali hulegeza nje huku ndani bado pagumu. Vitabu vingi vinaandika dakika 25 au 30. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo tegemea dakika 40 hadi 50. Njombe ongeza kidogo. Saa isikutawale: ncha ya kisu iingie kama kwenye kiazi kilichoiva, bila peasi kupasuka.

Epua, uyaache humo humo usiku kucha. Ukilikata peasi siku hiyo hiyo utaona utepe mwembamba wa wekundu na katikati nyeupe. Rangi huingia polepole. Kesho yake yatoe, kisha chemsha mvinyo peke yake kwa moto mkali hadi ubaki kama mililita 250. Dondosha tone kwenye kisahani baridi na upitishe kidole: njia ikibaki wazi kidogo, epua. Ukingoja hadi iwe nzito sufuriani, ikipoa itakuwa gundi. Ikishakuwa hivyo, irudishe motoni na vijiko viwili vya maji.

Hupakuliwa baridi, na kwenye jokofu hukaa siku nne ndani ya shira yake.

Wasiotumia kilevi wasidanganywe kwamba moto hukimaliza chote; kingine hubaki. Wachemshe gramu 40 za choya kavu (rozela) kwa lita moja ya maji, wachuje, watie sukari gramu 200 kwa kuwa choya ni kali kuliko mvinyo, na waendelee vivyo hivyo. Wekundu wake hauna tofauti ya kugombania.

Mpishi,
Mbeya