Kifua kikibana usiku msingoje asubuhi

Mhariri,

Baba mdogo alibanwa na kifua usiku, tukampa chai ya tangawizi tukasema gesi hiyo, asubuhi ndo tunafika hospitali, tumechelewa. Naomba watu wajue kuna dawa kama streptokinesi, ikiingia mwilini inaamsha plazmini, kimeng'enya cha damu yetu wenyewe, nacho kinakatakata zile nyuzi za faibrini zinazoshikilia bonge la damu lililoziba mshipa wa moyo, damu inapita tena. Ila bonge likikaa linakuwa gumu na msuli wa moyo unakufa, ndo maana inatakiwa ndani ya masaa 12, na ya mwanzoni ndo yenyewe haswa. Kiharusi ni masaa 4 na nusu tu, na dawa yake ni ya jamii hiyo kama alteplase, siyo streptokinesi, tena lazima CT scan (picha ya ndani ya kichwa) kwanza, maana kama mshipa umepasuka dawa ya kuyeyusha bonge inaweza kuua. Jamani hospitali za wilaya ziwekewe hizi dawa!

Msomaji wenu,
Morogoro