Ploti itangoja kidogo

Newmarket, Jumapili usiku

Baba, Mama na nyinyi wote hapo nyumbani,

Habari za siku nyingi. Mimi niko salama, baridi tu ndo inataka kunimaliza, asubuhi unapata bomba la yadi, hapa kwa mabanda ya farasi, limeganda na inabidi tubebe maji moto na birika ndo farasi wapate kunywa. Kadogo, wewe ndo msomaji leo, msomee Baba polepole na usiruke pale nimeandikia Mama, najua utataka kuruka.

Wacha nianze na ile mbaya tumalizane nayo. Pesa za ploti sitazituma Disemba. Sijazikula, ziko kwa akaunti hata sai, lakini nimeamua nizitumie kusomea utreina, yaani kuwa mwenyewe ndo nafundisha farasi wa mbio na kupanga wakimbie lini na wapi, si kuwaosha na kuwapanda tu asubuhi kama nafanya sasa. Na leseni ya gari ya hapa pia, juu msaidizi wa treina ndo hutumwa kusimamia farasi kwa mbio bosi akiwa hayuko, na huwezi kutumwa kama huwezi kujiendesha.

Mama, nakusikia hadi huku. Unasema watoto wa watu wako Uingereza wanafanya unesi, wanatunza wazee, wanajenga flati Kitengela, na wako amepanda ndege akaenda kutoa mavi ya farasi ambayo angeyatolea tu hapo Ngong Racecourse bila pasipoti. Ni ukweli mavi natoa. Banda tatu kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili. Lakini huu mji wa Newmarket si kama unavyofikiria, hapa farasi ndo wenyeji. Wako kama 3,000 wa mbio, wamejaa mji mdogo ambao ukitembea na miguu unaumaliza, wana njia zao za kupita mpaka katikati ya maduka, na wakitaka kuvuka barabara magari yanasimama, hata mwenye Range Rover anazima injini anangoja. Asubuhi ukiwa chini ya Warren Hill unawaona wakipanda mlima wawili wawili na mvuke ukiwatoka puani, Baba ungeona hiyo hungetaka chai.

Sasa nieleze hii njia juu mtaulizwa na watu wa chama. Hapa huamki tu ukaweka kibao kwa geti ati wewe ni treina. Leseni inatolewa na British Horseracing Authority, hao ndo wasimamizi wa mbio za farasi hapa, na kabla wakuangalie wanataka uwe umekaa kwa yadi miaka ya maana, uwe na diploma ya level 3 ambayo nimebakisha kidogo tu, halafu kuna kozi, ya kutunza farasi wenyewe, ya biashara, na ya kusimamia wafanyakazi. Baada ya hapo wanakuja kukagua mabanda yako, wanataka kuona kuna wenye farasi walio tayari kukuletea, na wanataka kuona benki kuna kitu, juu farasi anakula hata kama mwenyewe hajalipa. Kwa hivyo sisemi nitakuwa treina mwaka ujao. Kwanza nataka niwe msaidizi, nikae hapo miaka kadhaa nione vile bosi anaongea na wenye farasi wakipoteza, hiyo nasikia ndo kazi yenyewe.

Na si mimi nilijianzia hii story, ni bosi. Mnakumbuka Baba alivyokuwa akinitembeza pale Ngong nikiwa mdogo, ananiambia kabla ya kusalimia saisi mwenzio anayetunza farasi, salimia miguu ya farasi. Unapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti hadi karibu na kwato, kila siku, farasi yule yule, mpaka mkono ukariri. Basi mwezi wa saba nilikuwa na farasi mmoja mzuri sana, alikuwa anatarajiwa kukimbia wiki hiyo, nikapitisha mkono nikasikia joto. Kidogo tu, kama kikombe kilichomwagwa chai dakika kumi zilizopita. Hakuvimba, hachechemei, anakula vizuri. Nikamwambia kiongozi wa mabanda, akashika akasema hakuna kitu. Nikashika tena, nikaenda moja kwa moja kwa bosi huku moyo unadunda juu hapa huruki mtu. Akaita daktari, wakampiga skani, na ile kano ya nyuma ya mguu ilikuwa imeanza kuchanika. Angekimbizwa ile wiki ingekatika. Sasa amepumzishwa miezi, yuko shambani anakula nyasi, na bosi akaniuliza nani alikufunza, nikasema Baba. Akauliza yeye ni treina? Nikasema ni saisi. Akanyamaza kidogo akasema basi mwaka huu utanisaidia na wachanga.

Wachanga ni hawa wa mwaka mmoja na nusu wanaonunuliwa mwezi wa kumi kwa mnada wa Tattersalls hapa hapa mjini. Huo mnada nao ni kichekesho, hawahesabu kwa pauni, wanahesabu kwa gini kama babu zao, gini moja ni pauni moja na peni tano, na kuna siku farasi ambaye hajawahi kuwekewa tandiko maishani anaenda zaidi ya gini milioni moja. Mtu anapangusa pua anaogopa asidhaniwe amenunua. Wetu si wa milioni lakini pia si wa kuchezea.

Mimi nimepewa mmoja jike, wa kahawia, mguu mmoja wa nyuma una soksi nyeupe. Siku ya kwanza kufungwa ule mkanda wa tumboni, hapo ndo wengi hulipuka, akaruka miguu yote minne ikiwa hewani, akapiga ukuta, akanivuta kama kishada. Kijana wa Ireland tunayefanya naye akasema nikaze, nimwonyeshe nani mkubwa. Sikukaza. Nililegeza kamba nikamwacha azunguke, nikamgeuzia bega, nikaangalia chini, nikapumua. Dakika ishirini hivi, wenzangu wameenda kunywa chai. Sikio moja likaanza kunigeukia, halafu akaanza kutafunatafuna mdomo mtupu kama ananong'ona, akaja mwenyewe akaweka pua mgongoni mwangu. Baada ya hapo ilikuwa hatamu ndefu wiki mbili, natembea nyuma yake mjini nikimwelekeza kama mtu wa mkokoteni, anajifunza lori, baiskeli, mwavuli, mama wa kizungu na mbwa wake. Alhamisi iliyopita nikalala juu yake kitumbotumbo kama gunia la mahindi kwa punda. Akasimama. Akageuza shingo akanusa kiatu changu. Basi.

Hapa wakiskia natoka Kenya swali ni lile lile, Kenya kuna farasi? Kwanza nilikuwa nakasirika. Sai nawaambia nyinyi wenyewe farasi wenu ni wageni, mkifuata upande wa baba hawa wote wa mbio wanarudi kwa madume watatu tu walioletwa kutoka mashariki, na wengi zaidi kwa mmoja, Darley Arabian, aliyetolewa Aleppo huko Syria mwaka wa 1704. Halafu nawauliza kama wanamjua Beryl Markham. Wengine wanajua alivuka Atlantic na ndege peke yake 1936, lakini hawajui ni msichana wa Njoro aliyepata leseni ya utreina akiwa bado kijana sana na baadaye akashinda Kenya Derby mara sita. Baba si wewe ulikuwa ukimuona, kabla afe 1986, pale kwa nyumba yake karibu na racecourse? Ulisema alikuwa anajua farasi kwa kusikia kwato tu. Kitu kimoja kinanisumbua, majina ya masaisi waliokuwa wakiamka kabla yake siyaoni popote. Haya, tuache hiyo.

Mama, sasa yako. Ile mwezi wa tatu niliposema simu imeharibika haikuwa simu. Nilianguka kwa ile yadi ya kwanza, mfupa wa hapa mbele ya bega ukavunjika, na sikutaka usikie sauti yangu nikiwa na maumivu juu ungejua. Umepona kabisa, nainua ndoo mbili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba huko kwa kwanza waliendelea kukata pesa ya chumba nikiwa nimelala, na ndo maana ile miezi miwili nilituma kidogo mkadhani nimepata mtu. Huku niliko sasa ni tofauti, farasi wa yadi akishinda sisi wote tunapata kitu kidogo, na bosi anatuita kwa majina.

Ya shule ya Kadogo haitaguswa, hiyo nitaendelea kutuma kama kawaida tarehe tano. Mwambieni mwenye ploti kama hawezi kungoja mpaka Agosti auze, nyingine zitatokea. Sitagombana na mtu juu ya hiyo.

Baba, nina swali la kazi. Huyu wangu wa soksi nyeupe hataki kabisa kuguswa sikio la kulia, lijamu linaingia mdomoni sawa lakini ukitaka kupitisha ngozi juu ya sikio anarusha kichwa kama amechomwa. Daktari ameangalia, sikio ni zima. Wewe ulikuwa na yule mweusi wa Ngong aliyekuwa hivyo hivyo, nakumbuka kulikuwa na kitambaa, na ulikuwa unaanzia shingoni, lakini sikumbuki ulikuwa unafanya siku ngapi na kama ulikuwa unasimama kushoto au kulia. Fikiria vizuri kabla tuongee.

Jumapili ijayo niko zamu ya jioni, namaliza kulisha saa kumi na moja na nusu ya huku, kwenu itakuwa saa mbili na nusu usiku. Nitapiga video nimwonyeshe Baba mwenyewe lile sikio nikiwa ndani ya banda. Kadogo, hakikisha simu ina chaji na stima ikipotea uende kwa jirani.

Wenu,
Mtoto wa saisi