Shukrani kwa Mzee wa Foleni ya Cedar Point
Natoa shukrani za dhati kwa mzee ambaye sikupata jina lake, tuliyekutana naye kwenye foleni ya Steel Vengeance, rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) katika bustani ya burudani ya Cedar Point, jimboni Ohio, Marekani, akamweleza binti yangu kwamba hapo, tangu mwaka 1991 hadi 2016, ilikuwapo Mean Streak, rola kosta ya mbao niliyoipanda enzi za uanafunzi. Alimwonyesha nguzo za mbao zilizobakizwa, na reli za chuma zilizowekwa juu yake kabla ya ufunguzi wa 2018. Hii mpya hupindua abiria kichwa chini, tena kwa ulaini. Mimi bado naukumbuka ule mtikisiko uliotuumiza migongo. Asante pia, mzee wangu, kwa kutuelekeza Blue Streak, rola kosta nyingine ya hapo ya mwaka 1964, viti vya nyuma kabisa.