Senti kumi ya 1936 si sarafu ya majaribio

Mhariri,

Msomaji wenu wa Nakuru aliyeandika katika safu hii kwamba senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936 ni "sarafu ya majaribio", na kwamba mwenye nayo ni tajiri asiyejijua, amewasha moto huku Kisumu. Tangu barua ile itoke, watu wanazileta kwenye meza yangu ya nakshi karibu na Soko la Jubilee. Mama mmoja alifungua fundo la leso akatoa tatu, akaniuliza anunue kiwanja wapi. Mimi huchonga vikombe vya mashindano, mabamba ya makaburi na mihuri, na sarafu za zamani nimezikusanya tangu nikiwa mwanagenzi. Naomba nafasi nimsahihishe ndugu huyo kwa heshima.

Sarafu ya majaribio hupigwa kiwandani ili wakubwa waitazame kabla ya kuidhinisha mchoro au madini yake. Ikikataliwa, haitoki. Hata mimi nina mkebe wa kazi za aina hiyo. Kikundi kimoja cha wavuvi wa upande wa Dunga kilimkataa samaki ngege niliyemchonga kwenye muhuri wao, wakasema amekonda hadi anafanana na omena. Ngege yule hakuwahi kugonga barua hata moja, na ndiyo maana yuko mkebeni.

Sasa tuje kwa Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza ambaye jina lake limo kwenye senti hiyo. Alirithi kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huohuo, kabla ya kuvikwa taji. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikupata kutolewa rasmi. Zilibaki majaribio, nyingi zikiwa na tarehe ya 1937. Mchongaji Humphrey Paget alimchora akitazama kushoto kwa kuwa mfalme mwenyewe alishikilia iwe hivyo, ingawa desturi ilitaka ageukie upande ulio kinyume na wa baba yake. Senti zetu hazikuwa na mvutano huo. Katikati kuna tundu; sura ingekaa wapi? Upande mmoja kuna taji na jina EDWARDVS VIII, upande wa pili pembe za ndovu zimelizunguka tundu, pamoja na mwaka na maneno EAST AFRICA. Hakuna aliyelazimika kusubiri picha ya mfalme. Zilipigwa kwa wingi London na Birmingham (ukiona herufi ndogo H au KN, ni za Birmingham), zikapakiwa melini, zikafika huku zikanunua chumvi na viberiti. Hiyo ni pesa iliyofanya kazi. Kwa hali ya kawaida ya kuchakaa, bei yake leo ni ndogo.

Majaribio hasa ya mfalme huyo ni kama ile sarafu ya Uingereza ya thamani ya peni tatu, ya shaba ya manjano, yenye pande kumi na mbili. Chache zilipewa watengenezaji wa mashine za kutumbukizwa sarafu ili wazipime, na kadhaa hazikurudi. Sovereni yake moja, yaani sarafu ya dhahabu ya Uingereza, iliuzwa pauni 1,000,000 mwaka 2020. Nashuku msomaji wenu aliichukua bei ya ile akaibandika kwenye hii.

Kama ni majaribio, tulifanyiwa sisi wenyewe. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na haikupita miaka mingi wakoloni wakatuletea senti moja ya alumini, madini ambayo dunia haikuwa imeyazoea katika sarafu. Hali ya hewa yetu ikayala. Kufikia 1909 senti hiyo ikawa ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Ninayo moja ya 1908, imejaa vidoa, nyepesi ajabu. Siiuzi.

Kosa la barua ile lisingeniuma kama lisingekuwa na gharama. Kijana wa bodaboda kutoka Kondele aliniletea senti kumi ya 1936 inayong'aa, aliyouziwa kwa shilingi 8,000 na mtu aliyemwambia ni jaribio la dhahabu. Nilikwaruza kidogo ndani ya tundu, mahali ambapo wapakaji rangi huwa hawafiki vizuri. Shaba ile ile. Muuzaji hapokei simu.

Kwa anayependa majaribio kikweli, mimi nikiwemo, swali langu ni kwa Benki Kuu. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu kwenye pesa zetu, na mwaka 2018 tukapata twiga, kifaru, simba na ndovu. Sidhani twiga yule alikubaliwa siku ya kwanza. Vilevile sarafu za 1966 zilikuwa na sura ya Mzee Kenyatta bila maandishi kuizunguka. Mwaka 1969 maandishi yakaongezwa. Yalipangwaje kwanza, na mpangilio gani ukakataliwa? Ikiwa michoro na vielelezo vya plasta vya kazi hizo vimehifadhiwa, Benki iazime hata kabati moja kwa Jumba la Makumbusho la Kisumu. Vijana ninaowafunza nakshi wangejifunza zaidi kwa twiga mmoja aliyekataliwa kuliko kwa maneno yangu ya mwezi mzima.

Wenye senti za 1936 waendelee kuja. Kuzisoma ni bure, ila Jumapili sifungui.

Mchonga mihuri,
Kisumu