Yah: Kufunga Shule, Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi, salaam.

Shule inafungwa Ijumaa. Ripoti zimo mikononi mwa watoto. Zisomwe na zisainiwe.

Nianze na la furaha. Watoto wa Kidato cha Pili wamenipa raha niliyoisahau. Mwalimu wao wa Jiografia alifunga ufito wenye alama za kila sentimita 10 kwenye nguzo ya gati, akawapa daftari moja na swali moja: "Umejuaje?" Mwezi mzima walisoma maji kwa zamu. Wakaona wenyewe kuwa maji kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na kuwa bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtasema babu zao wanayajua hayo bila daftari. Ni kweli, na waliwahoji. Lakini siku moja kipimo kiliruka ghafla, kundi likataka kukifuta. Binti mmoja akakataa. Akaweka alama ya kuuliza, akaandika pembeni: "boti ilipita." Nilimvulia kofia.

Michango ya chakula: wanaodaiwa wanajijua. Viatu ni vyeusi.

Sasa mahudhurio. Mwalimu aliwaambia watafute jambo jingine linalokwenda na maji. Wakaniomba rejista. Watoto wenu wenyewe, jamani! Wameupanga utoro siku kwa siku chini ya mchoro wa maji: kila bamvua madawati matupu, kila maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, darasa limejaa. Kijana mmoja akawatetea, huenda ni mvua za masika. Wakarudi kuangalia; siku za mvua kubwa wengi walikuja.

Kwetu maji ya bamvua hupwa karibu saa 4 asubuhi, saa ya hisabati na saa ya kuchokoa pweza. Mezani kwangu nina rundo la barua zenu, karibu zote zinasema mtoto ana homa. Homa gani hii inayopanda na bamvua na kushuka na maji mafu? Na hao pweza wenyewe ni vitoto, hawafiki gramu 500 zinazotakiwa kisheria. Mwenye shida nyumbani aje tuzungumze, mlango uko wazi. Asiniandikie homa.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa 4 asubuhi. Nimetazama daftari la watoto: siku hiyo ni maji mafu, na saa hiyo yatakuwa yamejaa. Sitarajii kuambiwa kuwa mtu alikuwa pwani.

Mkuu wa Shule